Unga wa Kioo

Mume wangu alipoitikia kwa kichwa kwamba tanuri lake liuzwe, nilikuwa nimebeba trei ya mikate, nusura niiangushe. Shauri lilikuwa la mdogo wake, ambaye nyumbani tunamwita Bwana Haraka kwa sababu hata chai huinywa amesimama. Ana gari la kusambaza mizigo, anajuana na watu, na alikuwa amepata mtu anayetafuta tanuri dogo la umeme.

"Shemeji, Kaka hafanyi kazi tena," aliniambia, na huyo kaka amekaa katikati yetu kama meza. "Chombo kinakula vumbi bure. Jumamosi nitapita nikichukue."

"Muulize mwenyewe," nikasema.

"Kaka, si ni sawa?"

Mume wangu akaitikia kwa kichwa, macho yako sakafuni. Hicho ndicho kilichonitisha. Mtu huyu aliwahi kuninunia siku nzima kwa sababu niliweka kikapu cha vitunguu juu ya tanuri hilo.

Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi pia. Kazi yake ni kuvika shaba kioo. Anachukua kipande cha shaba, anakinyunyizia kioo kilichosagwa kikawa unga wa rangi, anakitia kwenye moto mkali, na kinatoka kikiwa na rangi isiyofutika maisha. Wenyewe wanaiita enameli. Alitengeneza bangili, vibao vya namba za nyumba, visahani vya kuwekea pete. Kisha kiharusi kikampiga, kikachukua nguvu za mkono wa kulia na kuuacha ulimi mzito. Si kwamba maneno hayakuwamo. Yalikuwamo, ila yalitoka polepole na kwa vipande, na watu kwa wema wao wakawa wanammalizia. Akianza neno tu, jirani anadakia, "Unataka maji, Fundi?" Mimi ambaye ulimi wangu hauna breki nilimmalizia kuliko wote. Mwishowe akanyamaza kabisa. Alibaki kuitikia na kukataa kwa kichwa, na kiti chake cha uani akakigeuza kikatazama ukuta, karakana ikabaki mgongoni mwake.

Dada wa mazoezi, yule anayekuja kumnyoosha viungo, aliniambia bila kuzunguka. "Mama, ulimi wake haujafa. Lakini mtu akikaa kimya muda mrefu, kusema kunazidi kumtoroka. Apate kitu cha kumlazimisha."

Basi nilipomwona anakubali kutoa tanuri, nikaona anakubali na mengine yote yaondoke. Hasira ikanipanda.

"Tanuri haliuzwi," nikamwambia Bwana Haraka. "Nalihitaji mimi."

"Wewe? Kwa mikate?"

"Kwa shaba. Naanza kazi."

Alicheka mpaka akakaa, jambo ambalo si kawaida yake. "Haya, shemeji. Jumamosi nakuja kuiona hiyo kazi. Kama hakuna kitu, napakia."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kugusa vifaa vyake, naye hakuwahi kugusa hamira yangu, na nadhani ndiyo siri ya kudumu kwetu. Siku ya pili, mikate ilipokwisha, nikaingia karakana peke yangu. Palikuwa na meza iliyoungua kingo, chupa za unga wa kila rangi, chujio dogo la waya, koleo ndefu, na tanuri lenyewe, si kubwa kuliko sanduku la nguo la mtoto. Nikajiambia: unga, chujio, tanuri. Mbona hii ni kazi yangu ya kila siku?

Nikachukua kisahani cha shaba, nikakifuta, halafu nikafanya kile ambacho mikono yangu hufanya kabla akili haijaamka. Nikakipaka mafuta. Mwokaji yeyote atanielewa, maana chombo kisichopakwa mafuta kitaung'ang'ania mkate mpaka uukwangue kwa kisu. Juu yake nikachuja unga wa buluu, sawasawa, mpaka nikajipongeza, nikakitia ndani.

Moshi uliotoka ungefukuza nyuki. Nilipokivuta nje, unga ulikuwa umejikunja madonge madonge, na kati ya madonge shaba imeungua na kuota magamba meusi. Nikakigonga mezani, nusu ya buluu ikadondoka.

Huko uani kiti kikalia. Nikachungulia. Fundi alikuwa amegeuza kichwa, pua juu, ananusa. Akanitazama, akakitazama nilichoshika, akafumba macho kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Sema basi nimekosea nini," nikamwambia.

Akaurudia ukuta wake. Nilitamani kumrushia kile kisahani.

Siku iliyofuata nilikuja na akili kidogo. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akiniibia siki na chumvi jikoni, na mtu huyu hajawahi kupika hata yai. Nikaloweka kisahani kipya humo mpaka shaba ikatakata, nikakisuuza. Pale nilipokuwa nimekishika kwa vidole maji yakakataa kukaa, yakajikusanya matone matone. Hapo hata mimi nikaelewa. Kama mafuta ya vidole tu yanafukuza maji, sembuse yale niliyoyapaka jana kwa ukarimu wote! Nikasugua upya, safari hii nikakishika kingo tu, na maji yakatanda juu yake yote. Nikapitisha gundi nyepesi kwa brashi, nikachuja unga. Kuchuja najua, hapo msiniombe unyenyekevu. Nikakiacha juu ya tanuri kikauke, kisha nikakitia motoni na kuchungulia kwenye mwanya wa mlango. Kwanza unga ulifanana na sukari. Baadaye ukawa na vinundu kama ganda la chungwa, halafu vinundu vikalala na uso wote ukang'aa.

Nikakitoa kwa koleo, nikakiweka juu ya wavu wa chuma, nikangoja. Buluu! Buluu safi, laini, bila donge hata moja. Nikajipigia makofi.

Kilipokuwa kinapoa kikaanza kulia. Tik. Kidogo tena, tik. Ufa mwembamba kama unywele ukapita katikati, ukafuatwa na mwenzake, na kipande cha kioo kikaruka kikaanguka sakafuni. Nikakaa kwenye stuli ya Fundi, machozi yakinilenga. Nilimkasirikia kila mtu: shaba, Bwana Haraka, kiharusi, na yule bwana anayeshinda akiutazama ukuta usio na hata dirisha.

"Nyu..."

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa amesimama, mkono wa kushoto umeshika fremu. Mdomo wangu ulikwisha funguka kummalizia. Nikauuma ulimi, na si kwa mfano, niliuuma kwa meno.

"Nyuma," akasema. Akavuta pumzi. "Nyuma... pia."

Nikakigeuza kisahani. Kwa nyuma shaba ilikuwa tupu. Fundi akaja akiburuta mguu, akachukua kisahani kingine, akapitisha kidole upande wa chini, kisha upande wa juu, kisha akakibana kwa vidole viwili kunionyesha kwamba pande zote zinatakiwa kuvutana sawa. Shaba ikipoa inasinyaa kuliko kioo. Kioo kikiwa upande mmoja tu, kinazidiwa, kinapasuka. Mtu wa mikate angejuaje? Mkate hatuupaki kitu mgongoni.

"Kwa hiyo jana uliona kosa ukaninyamazia?"

Akatazama kile kisahani cheusi cha jana kwenye pipa la taka. "Ma... futa," akasema, na mabega yakaanza kumtikisika. "Ma-futa!"

Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu atoke hospitali, na nilifurahi hata nikasahau kukasirika.

Tangu hapo tulikuwa wawili karakana kila alasiri. Yeye alielekeza kwa mkono wa kushoto, mimi nikatenda. Nilijifunza kutanguliza mgongo: unauchujia unga, unaukausha, unautia moto, halafu unasafisha magamba mbele na kuanza upya. Maneno yake yalikuwa machache. Hapana. Kidogo. Siyo hapo. Mengine yalichukua muda hadi nikamaliza kuosha brashi, na mimi nikasubiri, ingawa kusubiri kunaniwasha kama upupu.

Lakini akisikia mtu getini, anafunga mdomo. Dada wa mazoezi alipokuja nilimwambia kwa mbwembwe kwamba mgonjwa wake anasema. Akamwamkia, akamwuliza anaendeleaje. Fundi akaitikia kwa kichwa. Dada akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. Usiku ule usingizi haukuja upesi. Sahani nzuri peke yake isingetosha. Bwana Haraka angeuliza tena, "Kaka, si ni sawa?" na Kaka angeinamisha kichwa tena, na tanuri lingekwenda, na kiti kingerudi ukutani.

Jumamosi nilitaka tuchome buluu, kwa kuwa nilikwisha izoea. Fundi akakataa, akanisogezea chupa nyingine. "Nyekundu," akasema, na akitaka jambo mtu huyu hana mjadala. Kisahani kilikuwa ndani ya tanuri nilipoisikia honi nje. Bwana Haraka aliingia na kamba begani.

"Shemeji! Iko wapi kazi? Mwenzangu ananisubiri huko garini."

"Imeiva," nikasema, nikafungua mlango na kukitoa.

Kilikuwa cheusi. Cheusi tii, kama chini ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikakiweka juu ya wavu, nikaiangalia tena ile chupa ya nyekundu.

"Pole, shemeji," alisema Bwana Haraka, na kwa kweli alisema kwa upole. "Umejitahidi, lakini umeunguza. Hebu tuzime umeme lipoe." Akanyoosha mkono kwenye swichi.

Nikamtazama Fundi. Alikuwa anaitazama kamba. Maneno ya kumwambia shemeji nilikuwa nayo tele, yanasukumana mdomoni. Nikashika koleo kwa mikono miwili, nikanyamaza.

"Ngo..." akasema Fundi.

"Unataka kupumzika, Kaka? Nikupeleke ndani?"

Fundi akakataa kwa kichwa. Uso ulikuwa umemwiva kwa jitihada. "Ngo... ja."

Bwana Haraka akabaki na mkono hewani. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti ya kaka yake tangu anyamaze. Fundi akanyoosha kidole kwenye kisahani, nasi wote tukageukia huko. Kilivyozidi kupoa, kwenye kingo weusi ukaanza kulegea, ukawa kahawia, na kutoka pembeni wekundu ukatokeza, ukasogea kidogo kidogo kuelekea katikati mpaka ukafika. Nikategea sikio ile tik ya ufa. Haikuja. Kisahani kilikuwa chekundu chote.

"Kumbe," akasema Bwana Haraka. Alikuwa ameinama, mikono magotini.

Huko nje mwenzake akapiga honi. Hakugeuka. Akavuta stuli, akakaa mbele ya kaka yake, magoti yao yakikaribia kugusana, na kwa mara ya kwanza akamwuliza kama anayetaka kujibiwa. "Kaka. Unataka niliache?"

Fundi akafungua mdomo. Honi ikapigwa tena. Bwana Haraka alitulia tu, akimtazama, wala mimi sikusogea.

"Li... ache," akasema Fundi. Akameza mate, akaninyooshea kidole. "Huyu... ha... jui... kitu." Akapumzika. Tukangoja. "Nita... nitam... fundisha... mimi."

Bwana Haraka akaishusha kamba begani, akajifunika nayo macho, na mabega yake makubwa yakatikisika. Mimi sikuwa nimewahi kutukanwa mbele ya shemeji yangu, na sikujua kwamba kunaweza kuwa kutamu hivyo. Nilikuwa nalia na kucheka, koleo bado mikononi.

"Sikusikia vizuri," nikamwambia mume wangu. "Nani hajui kitu?"

Akanitazama, akavuta pumzi, akaanza tena mwanzo.