Kiatu cha Kinyozi

Siku mtafiti mmoja alipoaga taasisi yake kwenda kufanya kazi kwenye kliniki ya vidonda ya hospitali, wenzake walimwandalia chai na maneno ya kumliwaza, utadhani amefiwa. Mmoja alimshika mkono akamwambia akichoka huko arudi, mlango hautafungwa. Mwingine, aliyekuwa na tabia ya kusema kweli hata asipoombwa, alimweleza wazi: "Wenzako wanapanda ngazi, wewe unashuka. Umejijengea jina, sasa unakwenda kufunga bandeji."

"Nilianza kwa kufunga bandeji," alisema, akaongeza sukari kwenye chai yake.

Kweli alikuwa muuguzi kabla ya kuwa mtafiti. Utafiti wake ulihusu vidonda vya unyayo vya watu wenye kisukari. Mtu aliyekaa na kisukari miaka mingi, miguu yake huweza kufa ganzi; akikanyaga kokoto hasikii, ngozi inachubuka, kidonda kinafunguka. Na kwa kuwa hakiumi, anaendelea kukikanyaga kutwa kucha, mpaka kinakula nyama na kutafuta mfupa. Yeye na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba mgonjwa akivaa buti maalumu linalokiondolea kidonda uzito wa mwili, na asilivue ovyo, kidonda hufunga upesi kuliko kwa dawa na bandeji peke yake. Matokeo yalichapishwa. Yalipigiwa makofi kwenye ukumbi wenye baridi ya viyoyozi. Kisha mabuti yakarudi stoo, na kliniki zikaendelea kufunga bandeji kama jana na juzi. Hilo ndilo lililomnyima raha. Ilikuwa kama kupika chungu kizima, ukaonja kijiko kimoja, ukasifu chumvi, ukafunika.

Aliyemwita kliniki alikuwa daktari mkuu wa pale, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, asiyependa maneno mengi. Alimpigia simu akamwambia, "Nimesoma kazi yako mara mbili. Nimechoka kuwapeleka watu kukatwa miguu. Njoo tuifanye hapa." Akakata.

Kliniki yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya spiriti, viti vya kuegemea vimepangwa kando ya ukuta, kila kimoja na kistuli cha kuwekea mguu. Mwezi wa kwanza alifanya kazi kama aliyepagawa. Aliyatoa mabuti stoo, akayapangusa vumbi, akamvalisha kila mgonjwa aliyestahili, akaeleza mpaka sauti ikakauka. Wagonjwa wakaitikia, "Ndiyo, Sista." Wakarudi wiki kadhaa baadaye wamevaa mabuti safi mno, na vidonda viko palepale.

Mmoja wao alikuwa kinyozi, bwana mrefu mwenye kipara kinachong'aa, ambaye mwenyewe alisema kipara hicho ni tangazo la kazi yake. Kidonda chake kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Kila akiulizwa kama anavaa buti, aliapa kwamba hulivua wakati wa kulala tu. Mtafiti hakubishana naye. Jumamosi moja alimsindikiza mumewe kwenda kunyolewa, akachagua kibanda cha bwana huyo.

Buti alilikuta. Lilikuwa limesimama chini ya kioo, limejaa vitana, brashi na mkasi mmoja. Kinyozi alikuwa kwenye kandambili.

"Sista," alisema kinyozi, mashine ikinguruma mkononi, "usinione mkaidi."

"Sijakuona mkaidi. Nashangaa tu, sikujua vitana navyo vina kisukari."

Mumewe, shuka shingoni, alijitahidi asicheke, maana mashine ilikuwa karibu na sikio. Kinyozi akazima mashine, akaketi, akasema yaliyokuwa moyoni. "Nikilivaa nakuwa mrefu upande mmoja. Nasimama kama mlango uliong'oka bawaba. Mgongo unauma, lakini hilo si kitu. Mstari wa nywele unakwenda kombo. Juzi bwana mmoja ametoka hapa na kichwa kama shamba la mteremko. Na kila anayeingia anauliza, mguu una nini? Nikimwambia kidonda, nani atakaa kwenye kiti changu?"

Mtafiti aliukumbuka utafiti wao. Wakati wa utafiti, wagonjwa walipigiwa simu, walitembelewa, wengi walikuwa wamekubali kupumzika nyumbani kwa muda. Hakuna aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti kutwa nzima huku wateja wakimtazama miguu. Jambo hili lingeweza kumvunja moyo. Badala yake alihisi joto likimpanda kifuani, lile alilolijua tangu zamani, la mtu aliyeona uzi unapoanzia. Alirudi nyumbani akitembea mbele ya mumewe hatua nzima.

Nyumbani kwao uani kulikuwa na karakana ndogo ya mabati. Humo alifanya kazi shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi viatu ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi. Alikuwa mcheshi, hodari wa mikono, na mtoro wa ushauri. Mama yao hakuchoka kumwombea apate kazi ya maana.

"Shemeji," mtafiti alisema, akaliweka buti moja la kliniki kwenye meza yake. "Nataka kitu kinachofanya kazi ya hili, lakini kinyozi akisimama nacho mbele ya kioo asione haya."

Gundi aliligeuza, akaligonga, akalinusa. Kabla hajazuiwa alikuwa ameshalipasua kwa kisu toka juu hadi chini.

"Hiyo ni mali ya hospitali," alisema mtafiti.

"Ilikuwa," alisema Gundi. "Hili limetengenezwa na mtu asiyependa viatu, shemeji. Niachie."

Baada ya siku chache alileta kiatu cha ngozi ya kahawia kilichomfanya kaka yake aulize kama kipo cha saizi yake. Mtafiti aliingiza mkono ndani, akapapasa, akasimama. Mshono ulipita pale pale kidonda kinapokaa.

"Kizuri," alisema. "Kitamkata mguu kwa heshima zote."

Gundi alinuna. Alikuwa hajawahi kuambiwa kiatu chake ni kibaya na mtu asiyejua hata kushika sindano ya kushonea ngozi. Siku mbili alimwamkia kwa mkato. Siku ya tatu mtafiti alimwomba afuatane naye kliniki, na alipokataa alimwambia mama mkwe wake, na mama mkwe alipozungumza, Gundi alivaa shati.

Pale kliniki alikaa pembeni akaona bandeji zikifunguliwa. Mizaha ilimwisha. Alipofika kinyozi, Gundi aliuliza kama anaruhusiwa kumgusa, akanawa mikono mpaka viwiko, akavaa glavu, akauchukua ule mguu mapajani mwake, akaupapasa mfupa kwa mfupa, mbali na kidonda.

"Husikii hapa?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Ndugu yangu, hata ukinipigilia msumari, utaniambia wewe."

Kuanzia siku hiyo mwenye maswali akawa Gundi. Mbona mguu huu umepanuka? Jasho likiingia inakuwaje? Ngozi ikivimba jioni kiatu kifanye nini? Mengine mtafiti aliyajibu, mengine daktari mkuu, na mengine walitazamana wote watatu wakakubali kwamba hawajui. Daktari mkuu alitaka soli ngumu iliyopinda kwa mbele, ili mguu ubingirike badala ya kukunjika pale kidonda kilipo. Gundi akasema soli ngumu namna hiyo itamwangusha mtu, labda kiatu cha pili nacho kipandishwe na kupindwa vilevile. Mtafiti alishikilia jambo moja: hawatakisifu kiatu kwa macho. Watapima.

Kipimo chake kilikuwa rahisi. Ndani ya kiatu alitandika karatasi nyeupe na karatasi ya kaboni. Mgonjwa akitembea, pale uzito unapolemea panakuwa peusi. Kiatu cha kwanza kilitoa doa jeusi ti chini ya kidole gumba. Cha pili kililisogeza kidogo. Cha tatu kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza, Gundi akakitupa kwenye pipa la taka mbele ya wagonjwa, nao wakamsikitikia. Kila jioni taa ya karakana iliwaka, nyundo ikagonga, na mtafiti na shemeji yake wakabishana juu ya unene wa sponji kama watu wanaogombea shamba. Mumewe alijizoeza kula peke yake.

Kisha ikafika Jumatano moja asubuhi. Kinyozi alitembea kwenye korido ya kliniki, akaenda mpaka mlango wa duka la dawa, akarudi. Hakuchechemea. Mtafiti alichuchumaa, akakitoa kiatu mguuni taratibu, akavuta ile karatasi.

Kisigino kilikuwa kimeandika. Upande wa nje ulikuwa umeandika. Chini ya kidole gumba, pale walipopatazama kwa wiki nyingi, palikuwa peupe.

"Karatasi imekosea," alisema Gundi.

"Atembee tena."

Akatembea tena, kwa karatasi mpya. Peupe. Daktari mkuu aliivua miwani yake, akaipangusa kwa koti, akaivaa, akaitazama karatasi tena. Mtafiti aliandika tarehe kwenye karatasi ya kwanza, akakosea mwezi. Aliwahi kusimama mbele ya wasomi akapigiwa makofi, lakini mwili haukumsisimka hivi. Gundi alikuwa amegeukia ukuta, anajifanya anatafuta kisu.

Kinyozi hakuwa na habari nao. Alikuwa mbele ya kioo cha mlango, anajitazama miguu. Viatu viwili vya kahawia, kimo kimoja, sura moja.

"Hiki ni kiatu au ni dawa?" aliuliza.

"Ni vyote viwili," alisema mtafiti. "Ndiyo maana huruhusiwi kutilia vitana."

Kinyozi alikivaa. Mtafiti kila alipopita njia ile alichungulia kibandani, na kila mara alikuta kiatu mahali pake, mguuni. Kidonda kilianza kujivuta kingo. Kikawa kama sarafu, kikawa kama punje ya hindi, na siku moja daktari mkuu alipofungua bandeji alisogeza taa, akaubonyeza unyayo kwa kidole, akamwita mtafiti naye atazame.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza kinyozi. "Nimekufa?"

"Umepona," alisema daktari mkuu.

Mtafiti alifurahi, lakini kinyozi mmoja hajengi ushahidi, na hilo aliwaambia wote, pamoja na kinyozi mwenyewe aliyeona kama amevunjiwa heshima. Wakawavalisha wengine: mwalimu, dereva, mama muuza vitambaa. Wakapima karatasi, wakapima vidonda, wakalinganisha na wale wa mabuti. Si wote waliopona, na dereva alirudishiwa kiatu mara tatu. Lakini waliovaa viatu vya Gundi walivivaa kweli, na kwa wengi wao vidonda vilifunga. Miezi ilipopita, wauguzi wenyewe walianza kumwambia, "Sista, mwezi huu hatujampeleka mtu chumba cha upasuaji."

Ndipo walipokwenda kuomba Gundi aajiriwe. Afisa utumishi aliwasikiliza kwa adabu, kisha akafungua mikono. "Hospitali haina cheo cha fundi viatu. Nina daktari, nina muuguzi, nina mfamasia, nina fundi bomba."

"Niandike fundi bomba," alisema Gundi. "Mabomba yangu yanatembea."

Afisa alijikuta amecheka, akakohoa. Daktari mkuu hakucheka. "Unanipa watu wa kukata miguu," alisema. "Nipe mmoja wa kuizuia isikatwe."

Mtafiti aliweka mezani zile karatasi, nyeusi za mwanzo na nyeupe za mwisho, akazieleza moja moja kama alivyowahi kuzieleza takwimu ukumbini, ila safari hii kwa maneno ambayo hata mama mkwe angeyafuata. Afisa aliuliza maswali ya maana. Mwishowe akauliza kama kiatu cha namna hiyo kinaweza kumfaa baba yake mzazi, na wakajua mambo yamekaa vizuri.

Cheo kilipatikana: fundi wa viatu tiba, wa kwanza hospitalini hapo. Mama mkwe alipokiona kitambulisho alikisoma kwa sauti, akakigeuza, akasoma na nyuma pasipoandikwa kitu. Jumapili ile Gundi alitembezwa kwa majirani wote akiwa amekivaa shingoni, kichwa chini, kama bwana harusi aliyeozwa bila kuulizwa.

Mtafiti naye alipata kazi asiyoiomba. Hospitali nyingine zilisikia, zikataka kujua, na daktari mkuu akamwambia, "Waite waje wawili wawili. Muuguzi na fundi wake. Asije mmoja bila mwenzake." Mtafiti ndiye angeongoza darasa hilo.

Asubuhi ya kwanza walifungua chumba kilichokuwa stoo, sasa kina meza ndefu, cherehani ya ngozi na beseni la kunawia. Wawili wa kwanza walifika kabla ya saa: muuguzi kijana aliyebeba daftari jipya, na fundi viatu wa makamo, mwanamke mwenye vidole vilivyokakamaa kwa gundi, ambaye alisimama mlangoni hajui kama aingie na viatu au avivue.

"Karibu, dada, ingia tu," alisema Gundi, akimvutia kiti. "Hapa ukikosea utaambiwa na shemeji yangu mbele za watu. Utazoea."

Muuguzi kijana aliuliza wataanza na somo gani. Mtafiti alikuwa ameandaa utangulizi wa kurasa nne. Aliutazama, akautazama mlango, ambako mgonjwa wa kwanza, karani wa posta, alikuwa anasaidiwa kuketi.

"Naweni mikono," alisema. "Tuanze na mguu wa huyu."