Kasiksi Ndani ya Ndoo ya Mate

Mama Émérance aliombwa na hoteli moja ya Kyeshero alete bidoni, dumu la plastiki, lenye kasiksi, pombe ya ndizi anayoitengeneza kwake Kibati. Baharanyi, msimamizi wa hoteli, alimwambia kwamba alasiri hiyo watu wangeonja divai za Ulaya, na ingefaa wakaribishwe na kinywaji cha kwetu. Émérance akavaa kikwembe chake kipya cha kitenge, akaenda.

Msemaji alikuwa Gauthier, mfanyabiashara wa mjini anayeagiza divai. Kwa saa nzima alieleza habari za Karst, vilima vya mawe ya chokaa kwenye mpaka wa Italia na Slovenia. Huko, alisema, mizabibu inajishikiza kwenye udongo mwekundu kidogo ulio kati ya mawe, upepo wa baridi unaipiga, na mpaka umewahama watu nao wako palepale majumbani mwao. Ndiyo maana Teran, divai yao nyekundu, ni chachu na ina ladha ya chuma. Wageni waliinusa kwa heshima. Émérance naye alionja, akaipenda.

Kisha Gauthier akaonja funda la kasiksi, akalitema ndani ya ndoo ya mate iliyokuwa mezani.

"Hii ni ya kulewa tu," alisema. "Haina udongo, haina historia."

Wageni wakacheka. Émérance akasimama.

"Papa Gauthier, ile mawe yenye unasema, kwangu iko. Lava ya volkano ya 2021 ilikula nyumba yangu na migomba yote. Nilibeba udongo na beseni, nikauweka ndani ya nyufa, nikapanda tena. Na mupaka uko pale, karibu na shamba yangu. Waliuchora bila kutuuliza hata neno moja."

Gauthier alijibu kwa upole kwamba hawakukutana kwa ajili ya politiki. Baharanyi akamnong'oneza mama aende jikoni, atapewa chakula. Hakwenda. Alifunga bidoni yake ingali nusu, akapanda pikipiki akarudi Kibati.

Wiki iliyofuata Baharanyi alipiga simu akitaka bidoni mbili, kwa kuwa wageni walikuwa wameiulizia. Émérance alikubali, kwa sharti apewe kiti kilekile alichopewa Gauthier na saa nzima ya kueleza. Baharanyi alicheka kidogo, akasema watu wanakuja kunywa, si kusoma kama shuleni.

"Divai ya Gauthier waliisoma saa nzima," alisema Émérance, akakata simu.

Hoteli haijapiga simu tena. Kasiksi anaiuzia kando ya barabara, na akimsimulia mteja habari hii huacha kumimina mpaka aimalize, bado ana hasira.