Mkono Uliokuja Kufundisha Mashine Rahisi

Jumamosi saa nane na nusu mchana, Chemutai wa gredi ya sita alikuwa amepiga magoti uani, akijaribu kuinua pakiti ya unga kwa ubao uliolazwa juu ya jiwe. Mwalimu Wakonyo alikuwa ametuma ujumbe kwa simu za wazazi wote: kila mtoto atengeneze mashine rahisi tano kwa vitu vya nyumbani, mzazi amsaidie, kisha mzazi atie sahihi. Mtaala huu mpya umewarudisha wazazi wengi shuleni bila sare. Baba yake, Bethwel, aliushika ubao kwa mkono wa kushoto, ambao ndio pekee aliobaki nao, na kila jiwe lilipoteleza ubao ulimponyoka.

"Baba, shika na huku pia," Chemutai alisema, kisha akakumbuka, akashika huko mwenyewe.

Hapo ndipo mkono wa kulia wa Bethwel ulipoingia langoni, ukiwa umevaa kipande cha ovaroli ya buluu ya kiwanda cha chai. Ulikuja ukifuata ukingo wa shamba la majani chai, ukitembea kwa vidole, bila haraka. Janeffer, mke wa Bethwel, alikuwa akisuuza mikebe ya maziwa karibu na tangi.

"Baba Chemutai, hiyo mkono yako imekuja," alisema. "Lazima imetoka zamu saa hii."

Akaleta beseni na maji ya moto. Bethwel na mkono wake wakanawa pamoja, na ilichukua muda, kwa sababu kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aanze.

Mwaka juzi mkono huo ulinaswa kwenye mashine ya kusaga majani, kati ya rola mbili zenye meno. Bethwel alikimbizwa hospitalini. Mkono ulibaki, maana zamu ilikuwa haijaisha. Baadaye Bethwel aliletewa barua ya kuachishwa kazi. Mkono haukuletewa barua yoyote, kwa hiyo uliendelea kuripoti. Barua ile ilisema ajali ilisababishwa na uzembe wa mfanyakazi. Na huyo mfanyakazi ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana wapya, miaka tisa mfululizo, mahali pa kuweka mikono na mahali pa kutoiweka.

Angekuwa na la kujibu angejibu. Shida ni kwamba hakuikumbuka dakika ile. Alikumbuka harufu ya majani mabichi, kisha dari ya wodi. Shuleni watoto walimwambia Chemutai kwamba baba yake alikuwa amelewa akasinzia. Chemutai alimuuliza mara moja tu, wakila, na Bethwel akasema hajui. Hilo ndilo lililokuwa likimla, kutojua. Kanisani alihama kutoka benchi la mbele, akaenda kukaa nyuma karibu na mlango, na hakuna aliyemwita arudi.

Mkono ulianza na ubao. Ulilisogeza jiwe hadi karibu na unga, ukachukua kidole kidogo cha Chemutai na kukiweka kwenye ncha ya mbali. Unga ukainuka.

"Hiyo ndiyo siri ya wenzo," Bethwel alieleza. "Jiwe ikikaribia mzigo, wewe unapata nguvu."

Basi wakaendelea hivyo, mkono ukitenda naye akieleza kwa mdomo, kama walivyokuwa wakifundisha zamani. Waliegemeza ubao kwenye ngazi ya mlango, Chemutai akaburuta mtungi wa maji hadi juu bila kuunyanyua. Walipasua kuni kwa kabari. Walitundika rimu ya baiskeli kwenye mti wa msaiprasi, wakapitisha kamba, wakapandisha ndoo. Bethwel alicheka mara mbili. Janeffer alimsikia akiwa jikoni, akaacha kukoroga uji ili asikie vizuri.

Mashine ya tano ilikuwa gurudumu na mhimili wake, na hapo mkono haukuwa na haraka hata kidogo. Uliingia jikoni ukatoka na magunzi mawili ya mahindi, nyaya za mwavuli uliovunjika na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Ukayachoma magunzi kwa waya, ukayapanga sambamba ndani ya mkebe, ukakunja waya mmoja kuwa mpini wa kuzungushia. Juu yake ukaweka kifuniko. Magunzi yakazunguka chini ya kifuniko, na Chemutai hakuweza kuyagusa hata alipojaribu.

Kisha mkono ukakitoa kifuniko, ukakitupa kwenye nyasi. Ukachukua penseli ya Chemutai, ukaandika kwenye daftari:

*Kifuniko kilitolewa saa tisa kwa amri ya meneja, mashine isafishwe ikizunguka. Nilikataa mara mbili.*

Ulipomaliza, ulitia kijiti kati ya magunzi na kuzungusha mpini. Kijiti kikavutwa ndani, kikavunjika.

Bethwel alisoma maneno yale yaliyoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, wenye herufi zilizolala upande mmoja. Akalia pale pale, mbele ya mtoto. Janeffer alikuja akasoma mara mbili.

"Kumbe ulikataa," alisema.

"Kumbe nilikataa."

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na maonyesho shuleni, na mgeni wa heshima alikuwa meneja wa kiwanda, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimechangia tangi la maji. Chemutai alieleza mashine zake, mkono ukimshikia mkebe. Bethwel alisimama nyuma yao katika koti lake la kanisani. Meneja alizungusha mpini mara tatu, akatazama kijiti kikiingia. Akasoma daftari, akalifunga polepole, akalirudisha mahali pake.

"Hii tulikuwa tunajua, mzee," alisema kwa upole. "Lakini ripoti ilishafungwa."

"Basi sema tu hapo kwa maikrofoni," Bethwel alisema. "Mara moja tu. Hawa watoto wasikie."

"Hiyo maikrofoni ni ya kutoa zawadi."

Na kweli akaitumia kutoa zawadi. Chemutai akawa wa kwanza, akapewa kamusi, watu wakapiga makofi. Mwalimu Wakonyo hakupiga. Aliandika kwenye fomu kwamba mwanafunzi amezidi matarajio, akaisukuma fomu kwa Bethwel atie sahihi. Kisha mpiga picha akaita, na meneja akaushika mkono wa kulia wa Bethwel, akautikisa huku akitabasamu. Bethwel alisogea ili wakae wote watatu. Meneja akaukumbusha mkono kwamba Jumatatu uko zamu ya saa kumi na mbili asubuhi.

Jumapili baada ya ibada Bethwel aliukata mkono kucha. Janeffer alishona ukingo wa ovaroli uliokuwa umefumuka.

"Si ukae tu," Bethwel aliuambia.

Mkono ukachukua penseli. *Sijapewa barua*, ukaandika, na kabla ya chai kupoa ulikuwa umeshaondoka.

Wiki mbili baadaye Bethwel alipita mbele ya lango la kiwanda akipeleka maziwa kwa baiskeli. Picha ya maonyesho ilikuwa imebandikwa pale, kubwa, chini yake pameandikwa kwamba usalama ni jukumu la kila mfanyakazi. Meneja alionekana akitabasamu, ameshika mkono ulioishia begani, pale picha ilipokatwa, na Bethwel hakuwemo. Askari wa lango alimwambia Bethwel kwamba wiki hii kazi ya kubandika matangazo imepewa ule mkono, na kwamba wakubwa wameufurahia. Bethwel akateremka kwenye baiskeli, akaikagua picha pembe zote nne. Ilikuwa imenyooka, gundi haikuvuja popote, na karatasi haikuwa na mkunjo hata mmoja.