Inchi Tatu Kutoka Vitani

"Kimo?"

Ofisa aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye fomu. Kioo cha dirisha lake kilikuwa na tundu dogo chini, na mtu akitaka kusikika ilimbidi ainame mpaka kidevu kikaribie kugusa ubao. Fundi aliinama. Ilikuwa mara ya sita anainama hapo, na mgongo uliokaa kwenye cherehani miaka thelathini na minane hauinami bila kulalamika.

"Urefu wa suruali inchi arobaini na mbili," alisema. "Kiuno thelathini. Kifua thelathini na nane. Mkono ishirini na tano."

"Mzee, nimekuuliza kimo. Hapa hatushoni suti."

Kwenye benchi nyuma yake mtu alicheka. Fundi alikuwa amekuja na daftari lake la vipimo, limefungwa kwa kamba ya kitambaa. Mwanawe ndiye aliyeandikwa ukurasa wa kwanza, tangu sare ya darasa la kwanza, na kila mwaka mstari mpya chini ya ule wa mwaka uliopita. Kimo hakikuwamo. Nani humshonea mtu kimo?

"Andika futi tano na inchi kumi," alibahatisha, na kule kubahatisha kukamuuma.

"Alama ya kumtambulisha?"

"Bega la kushoto limeshuka nusu inchi. Kwa macho hulioni. Mimi humwekea pamba kidogo ndani ya koti, linakaa sawa."

Ofisa aliandika: *Hana.*

"Mwajiri?"

"Walimwambia kiwanda cha maturubai. Huko Urusi."

"Mkataba uko wapi?"

Fundi alibandika simu kwenye kioo. Ilikuwa picha ya karatasi yenye maandishi ya kule, ambayo hakuna mtu mtaani aliyeweza kuyasoma, na chini yake sahihi ya mwanawe, nzuri, ya mtu aliyesoma.

"Mzee, nimeshakueleza. Nchi hii haina mtu vitani. Sasa wewe ukisema mtoto wako yuko vitani, unataka niandike kitu kisichokuwepo. Na kitu kisichokuwepo mimi nitakitafuta wapi?"

"Alinitumia picha amevaa magwanda."

"Hata walinzi wa maduka wanavaa magwanda."

"Mwenzake alinipigia. Alisema walikuwa wanavuka shamba, mwanangu ametangulia mbele, na moshi ulipoisha..." Hakuweza kuimaliza. Kila alipofika kwenye moshi alikwama hapohapo.

"Cheti cha kifo unacho?"

"Si ndicho ninachokuja kuomba?"

"Cheti kinafuata mwili, mzee. Lete mwili, mimi nitakuletea cheti." Akagonga muhuri kwenye nakala ya fomu: OMBI LIMEPOKELEWA. Kisha akasogea karibu na tundu, sauti imebadilika, sasa ni sauti ya mtu wa baraza. "Kwani si wewe wanayekuita Jenerali? Ndugu yangu ananyoa nywele jirani na kibanda chako. Anasema hii vita unaijua nje ndani. Hebu niambie, nani anashinda?"

"Sijui," alisema fundi.

Alikunja karatasi mara nne. Kwa vita ile, neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake.

Maana alikuwa akijua! Alijua kuliko waliokuwa wakipigana. Jina la Jenerali walimpa kwa utani, naye akalivaa kama koti lililomkaa. Alichana ramani kutoka kwenye kitabu cha zamani cha shule, akaibandika ubaoni juu ya cherehani, na kila asubuhi, redio ikishatoa habari, aliufuta mstari wa mbele kwa kiganja na kuuchora upya kwa chaki ya kukatia nguo. Kinyozi wa jirani alikuwa Ukraine kindakindaki. Yeye alikuwa Urusi, kwa sababu ambayo alikuwa ameshaisahau, pengine ni kwa kuwa kinyozi alitangulia kuchagua. Wakabishana miaka miwili, mate yakiwaruka. Fundi aliteka miji akiwa na pini mdomoni. Watu elfu kumi waliokufa aliwataja kama anataja vifungo. Wateja walipenda kumsikiliza. Wengine walikuja bila nguo ya kushona.

Mwanawe alikaa kwenye cherehani ya pili na cheti chake cha ufundi wa umeme, mwaka wa nne bila kazi, akishonea vifungo na kusikiliza. Siku wakala alipoingia kibandani, shati limenyooka kama limetoka kwenye pasi sasa hivi, akitafuta vijana wa kazi ng'ambo, mwanawe hakumuuliza mama yake wala mtu mwingine yeyote. Alimgeukia baba.

"Baba, wewe ndiye unayeijua vita. Huu mji wenye kiwanda uko wapi?"

Kibanda kilikuwa kimejaa watu. Fundi akasimama. Akavua futi kamba shingoni, akaweka ncha moja juu ya chaki, nyingine akaivuta mpaka kwenye jina la mji, na akaangalia kwa makini kama anayepima kola.

"Inchi tatu," akatangaza. "Kwenye ramani hii, inchi tatu ni nchi nzima. Hata mzinga wenyewe utachoka njiani! Nenda, mwanangu. Huko vita utaisikia redioni, kama sisi."

Watu wakaangua kicheko. Wakala ndiye aliyecheka kuliko wote.

Fundi alijua madaraja, alijua vifaru, alijua nani kasema nini kwenye mkutano gani. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakujiuliza, kama mtu aliyepelekwa inchi tatu ataachwa akae kwenye inchi tatu. Mwezi wa nne tangu aondoke, simu ililia mchana, sauti inakatika.

"Baba, wametusogeza."

"Mmesogezwa mpaka wapi?"

Mwanawe akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kumwondolea baba wasiwasi.

"Nafikiri niko juu ya chaki yako."

Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Fundi aliporudi kutoka kwa ofisa alimkuta mkewe kibandani. Kwa miaka miwili mama huyu hakuwahi kuitupia ramani hata jicho moja. Ugomvi wa watu wasionijua, alikuwa akisema, unanihusu nini? Siku hizi alileta chakula cha mchana na kusimama mbele ya ubao mpaka chakula kikapoa.

"Leo mstari uko wapi?" aliuliza.

"Uko palepale. Sijaugusa tangu siku ile."

"Basi yeye yuko upande huu wake au upande ule?"

Mkewe akaweka kidole kando ya chaki, kwa uangalifu, isije ikafutika.

"Mume wangu, mimi sikulaumu," alisema.

Afadhali angemlaumu. Afadhali angeokota mkasi akamtupia. Upole ule ulimkata vibaya zaidi.

"Hodi! Shikamoo, mzee."

Walikuwa vijana watatu, vitambaa vizito vya sufu kwapani. Mrefu wao ndiye aliyesema.

"Wakala ametuambia kila mtu awe na koti la baridi, na tushone kwako. Anasema baridi ya kule unaijua."

"Mnakwenda wapi?"

"Ghalani, kupakia mizigo. Nyuma kabisa, mzee. Si mwenyewe ulipima? Anawaambia watu wote: kamuulizeni Jenerali, mwanawe yuko kule."

"Mwanangu amekufa."

Alikuwa hajawahi kulitamka, na sasa amelitamka mbele ya mkewe. Mama hakupiga kelele. Alikaa tu chini, polepole, kwenye kiti cha cherehani ya pili.

Kijana aliona karatasi mkononi mwa fundi, akaiomba, akaisoma mpaka mwisho. Akairudisha kwa mikono miwili.

"Pole sana, mzee. Lakini hapa wameandika ombi limepokelewa. Hawajaandika amekufa. Wakala anasema ni mtandao tu, kule simu hazishiki."

"Msiende."

"Tukae wapi?"

Hakuuliza kwa ubishi. Alitazama kibanda chote, polepole, kama anayetafuta kweli mahali pa kukaa, macho yakatua kwenye cherehani ya pili.

"Nipe kazi kwenye hiyo, mzee. Nipe leo, naahirisha safari sasa hivi."

Fundi aliitazama cherehani. Hata mwanawe hakuwa na cha kushona pale. Kinyozi alikuwa amesogea mlangoni, kitana mkononi.

"Basi tupime," kijana alisema.

Akanyanyua mikono. Fundi akaivua futi kamba shingoni, akaipitisha chini ya kwapa, ikazunguka mgongoni, ncha zikakutana kifuani. Thelathini na nane. Hakuhitaji kusoma; ndicho kifua kilichomo ukurasa wa kwanza wa daftari. Chini ya vidole vyake moyo wa kijana ulikuwa unapiga kwa haraka, haraka kuliko uso wake ulivyoonyesha. Hapo ndipo fundi hutaja namba na kuachia. Hakutaja. Alizishika zile ncha mbili kwa ngumi, akakaza, akakaza, shati likajikunja.

"Mzee," kijana alisema, kwa adabu ileile, "unanibana."

Nyuma yake wenzake wawili walikuwa wameshavua majaketi na kujipanga, wakingoja zamu yao.