Ruta Ndogo ya Mzee Aminieli

"Hii ndiyo wanayochukua watu wote, Babu," alisema Gladness, muuzaji wa duka la kompyuta karibu na stendi ya Moshi, akiweka kauntani boksi lenye picha ya ruta, mashine ya kugawa intaneti, yenye antena tatu.

"Mimi si watu wote," alijibu Mzee Aminieli. "Niletee ile ndogo kule juu."

"Ile ya saizi ya sabuni?" Gladness alicheka. "Hiyo ni ya wageni wanaosafiri. Tunayo tangu Pasaka. Ungemtuma mjukuu aje akuchagulie."

"Mjukuu hajui ninachokitaka. Ilete."

Mzee Aminieli alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Tangu alipostaafu alihariri vitabu vya shule kwa mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam. Sehemu ya kazi aliifanya nyumbani kwake Mamba, mlimani juu ya Himo, na sehemu katika hoteli walikokutanishwa wahariri kila baada ya miezi mitatu. Lakini mwaka huo wa 2009 mchapishaji alitangaza kwamba kurasa zote zitatumwa kwa mtandao, na Kornel, mwanawe wa mwisho, akalipokea tangazo hilo kama hukumu. Mlimani hakuna mtandao, alisema. Jumamosi angekuja na pikapu awachukue wazazi wakaishi naye Dar es Salaam, na kihamba kipangishwe.

Kihamba hicho, shamba la migomba na kahawa, ndimo walimozikwa wazee wa ukoo, na kwa desturi Kornel mwenyewe ndiye angekirithi. Mzee Aminieli alimjibu kwenye simu bila kupandisha sauti: "Njoo. Ukikuta siwezi kutuma kurasa zangu kutoka hapa, nitapanda gari bila kushikwa mkono. Ukikuta naweza, jambo hili usilitamke tena."

Sasa, mbele ya kaunta, alifungua daftari alimoandika mahitaji yake. Hotelini Morogoro alikuwa amelala chumba kimoja na mhariri mwenzake, Sirili, na ukutani palikuwa na waya mmoja tu wa intaneti. Wakawa wanapokezana kama watu wa bombani. Alitaka ruta itakayoupokea waya huo na kuwagawia wote wawili, kwa neno lake la siri. Nyumbani, pasipo na waya, ruta hiyohiyo ipokee modemu, kile kijiti cha laini ya simu. Tena iingie katika mkoba bila kutoa nguo.

"Hii kubwa inapokea modemu?" aliuliza.

"Hapana, Babu. Inataka waya."

"Na waya huo kwangu utatoka wapi, kwenye mgomba? Ifungue ile ndogo."

"Babu, boksi likifunguliwa limenunuliwa."

"Binti, kahawa yangu hutiwa mkono guniani na kutazamwa kabla haijapanda mizani. Sijawahi kumwambia mnunuzi kwamba akitazama amenunua. Fungua."

Gladness akafungua. Mzee alitoa mkobani modemu yake na kompyuta mpakato, akajaribu kwa modemu, kisha akaomba waya wa duka akajaribu kwa waya. Alisimama pale muda wa saa nzima, wateja wakimpita kushoto na kulia. Aliporidhika ndipo alipolipa.

Jumamosi Kornel aliingia na pikapu tupu. Mama yake, Yuditha, alikuwa amekwisha kuipamba ruta. Kitu cha thamani katika nyumba ile kilikuwa na mahali pake, nalo ni kabati la vioo sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, kando ya vikombe vya wageni. Ruta iliwaka taa zake humo kama kito. Mzee Aminieli alibonyeza kutuma, kurasa zikagoma. Akabonyeza tena.

"Baba, tusisumbuane," Kornel alisema kwa upole uliomchoma mzee kuliko dharau, akiokota blanketi lililokuwa kitini. "Mama, mablanketi mengine yako wapi nipakie?"

"Weka chini hilo blanketi!" Mzee Aminieli aliinuka. Alizitazama kuta za mawe alizozijenga kwa mikono yake, na dirisha lililoelekea kilele chenye theluji. Mnara wa simu ulikuwa upande wa pili, bondeni Himo. Alifungua kabati, akachomoa ruta na modemu yake, akatoka.

"Baba Kornel, unaipeleka wapi?" Yuditha alimfuata.

"Zizini."

"Mae! Kitu kipya hivyo, zizini kwa ng'ombe?"

"Zizi linatazama Himo, Mama Kornel. Kabati lako linatazama theluji."

Penye taa ya zizi palikuwa na soketi. Alipanda kigoda, akakitundika kile kidude kwenye mtambaapanya kwa kamba ya mgomba, ng'ombe akimnusa soksi.

"Mtandao wa samadi!" Kornel aliangua kicheko.

"Cheka. Umeme hauna pua."

Walirudi sebuleni. Mzee alibonyeza. Kurasa arobaini na mbili ziliondoka moja baada ya nyingine, na kabla chai haijapoa mchapishaji alijibu kwamba zimefika. Mzee Aminieli hakutabasamu. Aliigeuza kompyuta ili mwanawe asome mwenyewe.

Kornel alisoma mara mbili, akalikunja blanketi taratibu. Ndipo simu yake ilipolia: ofisini walitaka taarifa fulani, na waliitaka sasa hivi. Alitoa kompyuta yake.

"Baba, naomba neno la siri."

"Ni jina la babu wa kwanza aliyefyeka kihamba hiki. Herufi ndogo, bila nafasi."

Kornel akatazama dari. Akamtazama mama yake, naye Yuditha akafumbua kinywa.

"Usimwambie," alisema mzee. "Alitaka kukipangisha. Amjue kwanza mwenyewe."

Kisha Kornel aliweka kompyuta mezani, akatoka, akapita kando ya pikapu tupu, akaingia migombani yalipo makaburi. Dirishani alionekana ameinama, akikwangua kuvu kwa kucha juu ya msalaba wa saruji.

Mzee Aminieli alifungua ukurasa wa arobaini na tatu, akashika kalamu, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Na mwaka pia!" aliita. "Usisahau mwaka!"