Bingwa wa Kutembea Polepole

Kabla ya vita Isaku Numata alikuwa fahari ya mji wa Tamashima. Kwake mbio ndefu ndizo zilikuwa wali, na wali wenyewe ukawa kitoweo. Alipopita, wauza tofu, ile jibini ya soya, walimpisha, naye alijua kupishwa, maana majivuno hakunyimwa.

Karatasi nyekundu ya kumwita jeshini ilipomfikia, mtaa mzima ulimsindikiza kwa bendera. Mzee Kuroiwa, mkuu wa mtaa, alihutubia mpaka treni nusura imwache mwenye safari.

Kambini daktari alimpima moyo, akakunja uso. "We kijana, uko hai kweli? Moyo mkubwa kama tikiti, na unapiga ukijisikia!"

Kila mkimbiaji anajua moyo wa mazoezi hupiga taratibu. Isaku alifungua kinywa aseme yeye ni bingwa, akamkumbuka mama yake, Bi Shige, mjane asiye na mwingine. Akameza majivuno yake mazimamazima. "Huwa naona kizunguzungu, daktari."

Akarudishwa nyumbani siku hiyohiyo.

Bi Shige alifunga mlango kwanza, ndipo akalia kwa furaha. "Sasa utaumwa mpaka vita viishe. Wakikuona unakimbia, wanakuchukua."

Basi bingwa akawa anajikokota. Kwenye foleni ya mgawo vikongwe walimpita wakimwambia, "Pole, baba, tutakubakizia viazi." Isaku alisaga meno.

Asubuhi moja king'ora kililia, ndege za adui ziko juu tayari. Isaku alimbeba mama yake mgongoni, akachomoka kuelekea handaki la mtaa. Akawapita vikongwe, akaipita hata baiskeli ya posta. Mama akamvuta sikio. "Polepole we, watu wanatuona!"

"Nyamaza, mama, wanaona vumbi tu!"

Mzee Kuroiwa aliingia handakini wa mwisho, akihema. Akamkazia macho Isaku. "Numata. Kumbe moyo umepona?"

Akajibu mama: "Hajakimbia, mzee. Nimekimbia mimi. Yeye alikuwa chini yangu tu."

Mtu mmoja aliangua kicheko, akakikatisha. Mwezi ule Mzee Kuroiwa alikuwa ameletewa na jeshi kisanduku cha majivu ya mwanawe aliyefia vitani, kilichofungwa kitambaa cheupe. Ndani hamkuwa na mwanawe, mlikuwa na jiwe.

Mzee akaketi kando ya Isaku.

"Tukitoka humu, utanishika mkono," akasema. "Mgonjwa kama wewe hatembei peke yake. Na ole wako unipite."