Kadi Moja, Shida Moja

Siku ya nane baada ya ajali mikate ilikuwa bado imo ndani ya gari. Ilikuwa imeota ukungu wa kijani kwenye kreti za nyuma, na nilipofungua mlango mmoja uliokuwa bado unafunguka, harufu ilinipiga usoni kabla sijaona kitu kingine. Niliegemeza goti kwenye kiti cha dereva, nikavuta waya wa kufungulia boneti. Waya ukaja wote mkononi, boneti ikabaki palepale. Ilibidi nitafute nondo.

Mkaguzi wa magari alisimama nyuma yangu, jalada kwapani. Alikuwa amenikubalia kuingia uani kuchukua vitu vya marehemu kaka yangu: miwani, koti, tochi. Injini haikuwemo kwenye makubaliano.

"Mama, hayo mengine yamekwisha," alisema. "Dereva alilala. Lami haina alama hata moja ya tairi. Mtu aliye macho anakanyaga breki."

"Na breki ya mkono? Imevutwa mpaka juu, waya wake umekatika."

"Waliomtoa ndio walioivuta."

Nilitoa spana namba kumi na mbili kwenye mkoba wangu, nikainama.

Kaka alikuwa ameleta gari lile gereji wiki mbili kabla. Lilikuwa gari la dizeli, refu nyuma, kuukuu, limemzidi umri mwanangu wa kwanza. Alikuwa analisambazia mikate alfajiri, kutoka tanuri lililoko juu ya mtelemko hadi maduka ya chini. Alishuka akiwa ameshika kiuno, kama ni yeye aliyelibeba.

"Mdogo wangu, huyu mzee ameanza kuvuta sigara," alisema. "Moshi mweusi tii. Na mlima anaupanda kama amempakia mama mkwe."

"Mama mkwe wako au wangu?"

"Wako. Wangu ni mwepesi."

Nilicheka huku nachukua kadi. Hapo lazima nieleze kuhusu kadi, kwa sababu ni mimi niliyezileta.

Nilipotoka chuoni na diploma yangu ya ufundi wa magari, niliikuta gereji ile imevurugika. Fundi wa injini anafungua breki, fundi wa breki anachokonoa nyaya, gari linatoka na skrubu tatu zimebaki mezani, na mteja akirudi kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole. Walipoona nimeweza kusimama nao, nikapewa usimamizi. Jambo la kwanza nilinunua rangi ya njano, nikachora mstari katikati ya sakafu. Upande huu injini, upande ule breki na magurudumu. Hakuna kuvuka. Kila malalamiko na kadi yake, kila kadi na fundi wake. Kadi moja, shida moja. Ndani ya mwaka mmoja ugomvi ulikwisha, na mwenye gereji alikuwa akileta wageni waje waone mstari.

Basi niliandika: moshi mweusi, nguvu ndogo.

"Halafu breki," kaka akasema. "Asubuhi zinakuwa ngumu. Nakanyaga kama nakanyaga jiwe. Baada ya dakika chache zinalainika zenyewe."

"Hizo nenda nazo kwa Mzee Pedeli, upande wa pili. Atakuandikia kadi yake."

"Si wewe dada yangu?"

"Hapa mimi ni injini."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha puani, kama mtu anayezuia chafya.

Kazi ile niliifanya vizuri. Nasema hivyo bila haya, maana ndiyo sehemu inayonichoma zaidi. Injini ya dizeli haina cheche; inaishi kwa mgandamizo na dizeli iliyopulizwa laini kama ukungu, na silinda moja ikikosa chakula chake, zile nyingine zinaibeba. Kuipata hiyo mgonjwa, unaiacha injini inaunguruma, unalegeza nati za mabomba ya nozeli moja moja. Ukilegeza ya silinda nzima, injini inayumba. Ukilegeza ya silinda mbovu, haijali. Ya kwanza ikayumba. Ya pili ikayumba. Ya tatu, kimya, hakuna kilichobadilika. Nikaitoa nozeli ile, nikaijaribu kwenye mashine: badala ya kupuliza ilikuwa inadondosha, kama bomba la jikoni lisilofungika. Nikaweka nyingine. Chujio la hewa nilipolikung'uta likatoa vumbi la kutosha kupanda mchicha, nalo nikalibadilisha.

Silinda zote nne zilipoanza kufanya kazi, injini ikawa inazunguka haraka mno gari likiwa limesimama. Nikageuza skrubu ndogo, nikaipunguza kasi taratibu mpaka ikanguruma kama paka aliyeshiba. Kaka aliweka kiganja juu ya boneti, akaniangalia kama siku nilipofaulu mtihani wa mwisho.

Niliona pia kuwa oili imepungua, na chini ya gari hapakuwa na tone. Nikaandika: ongeza oili. Nikaongeza. Sikujiuliza imekwenda wapi, kwa kuwa kadi haikuuliza.

Mzee Pedeli alilipokea gari likiwa bado la moto. Alikagua vitambaa vya breki, akapima mafuta yake, akalizungusha uani mara mbili akikanyaga. "Breki zako zinasimamisha treni, kijana," alimwambia, akaifunga kadi yake. Na kweli, saa ile zilikuwa zinasimamisha.

Sasa nilikuwa nimeinama kwenye ua wa mkaguzi, nafungua nyuma ya alteneta, ile inayochaji betri. Gari la petroli, injini yenyewe inafyonza hewa, na mfyonzo huo ndio unausaidia mguu wa dereva kwenye breki. Dizeli haina mfyonzo huo. Inahitaji pampu ndogo, ukubwa wa kopo la maziwa, iliyofungwa mgongoni mwa alteneta, inayozungushwa na injini na kulainishwa kwa oili ya injini. Nilitoa boliti tatu, kifuniko kikabanduka. Ndani vile vibamba vya kufyonzea vilikuwa vimelika, kimoja kimevunjika vipande viwili, na sili, mpira wa kuzuia oili, imechanika ikiiacha ipenye itakako.

Pampu ile imefungwa kwenye injini, kazi yake ni ya breki. Ungelisogeza gari mpaka katikati ya gereji yetu, ingekaa juu ya mstari wa njano kabisa.

Injini ikiwa ya moto na inazunguka kwa kasi, pampu ilikuwa bado inajikongoja. Alfajiri, injini baridi, gari limejaa mikate, mguu umetoka kwenye mafuta, mtelemko unadai breki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, haikuwa na kitu cha kutoa. Inazunguka polepole mno. Na ni mimi niliyeipunguza injini kasi, kwa ile skrubu.

Mkaguzi alikuwa amesogea. Alikitazama kile kibamba kilichovunjika kwenye kiganja changu.

"Kwa hiyo alikanyaga," alisema.

"Alikanyaga jiwe. Hilo haliachi alama kwenye lami."

Alifungua jalada. "Nani alilitengeneza gari hili mara ya mwisho?"

"Mimi."

Kalamu ikasimama. Nikaona amenihurumia, jambo ambalo sikulipenda. "Mama, nikiandika hivi, pale hutafanya kazi tena. Una watoto?"

"Watatu. Andika."

Miaka kumi na minne imepita. Kazi ilikwenda wiki ileile. Kabla ya kuondoka niliukwangua mstari wa njano kwa brashi ya waya na petroli, nimepiga magoti, mafundi wote wakiangalia. Mambo hayo niliyaweza. Ambalo nililiogopa wiki ile ni kwenda kwa wifi, mjane wa kaka.

Nilimkuta sebuleni anapiga pasi sare za shule. Tangu msiba watu walikuwa wanamletea pole iliyochanganywa na lawama: mwanamume mzima, kulala kwenye usukani, na chini pale watoto wanavuka kwenda shule, Mungu tu aliwaepusha. Yeye alikuwa akijibu jibu moja. Mume wangu hakulala.

Nilikaa, nikamweleza kwa mpangilio: kadi, nozeli, skrubu, pampu. Sikuruka kitu. Aliendelea kupiga pasi hadi niliposema "ni mimi", hapo akaichomoa waya na kuisimamisha.

"Kwa hiyo alikuwa macho."

"Alikuwa macho, wifi. Alivuta breki ya mkono mpaka ikakatika. Gia alikuwa ameirudisha namba mbili. Aliwaona watoto, akaukata usukani kwenda ukutani."

Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata viatu sikuvua vizuri.

"Niliwaambia," alisema. "Niliwaambia hakulala." Halafu akalitazama shati lililokuwa mezani kana kwamba hajui ni la nani. "Lakini usiku, nikiwa peke yangu, mimi mwenyewe nilikuwa najiambia labda alilala. Nikapata usingizi kwa hilo. Kwamba hakujua."

Aliinyoosha kola ya lile shati kwa kidole.

"Kutoka kona ya juu, pale gari linapoanza kushuka, mpaka ukutani," akasema, "ni muda gani?"

Nilikuwa nimekwenda kupima. Nilikuwa nimehesabu hatua, nikapiga hesabu ya mwendo na mzigo. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema kufumba na kufumbua.

"Sekunde kumi na moja."

Alilikunja lile shati, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kola. Akaliweka magotini. Akatazama mlangoni, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, taratibu, akiipa kila sekunde haki yake. Alipofika sita akanyamaza. Nikafikiri ameshindwa.

Akavuta pumzi, akaanza tena kutoka moja.